Kwa Nini Vidonge Vimezwe Miezi Sita? Kufundisha Upumuaji wa Bakteria katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika shule moja ya msingi ya kata ya Bulyaga, mjini Tukuyu, niliketi nyuma ya darasa kumkagua mwalimu-mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mvua ilikuwa ikinyesha, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Somo lilihusu magonjwa ya kuambukiza. Ubao ulipangwa vizuri, dalili za kifua kikuu ziliorodheshwa kwa mwandiko safi, na maswali yaliulizwa kwa zamu. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono.

"Mwalimu, kama mtu hakohoi tena na amenenepa, mbona anaambiwa aendelee kumeza vidonge?"

"Kwa sababu bakteria wana akili," akajibu mwalimu. "Wakiona dawa, hujificha."

Darasa likacheka. Msichana hakucheka. "Sasa kama wamejificha," akauliza, "dawa zitawaonaje?"

"Kaa chini, tuendelee."

Jibu lile lilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la kisayansi: bakteria hana ubongo wala macho, hawezi kuona dawa wala kupanga hila. La pili ni zito zaidi. Mtoto alifikiri kwa usahihi kutokana na jibu alilopewa, akafikia mahali pa hatari: ikiwa dawa haziwaoni waliojificha, basi kuzimeza ni kazi bure. Yawezekana nyumbani kwao kuna mtu anayetafakari jambo hilohilo kila asubuhi mbele ya vidonge vyake. Sikumlaumu mwalimu-mwanafunzi yule, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini hapana budi tujirekebishe. Makala haya yanaeleza, kwanza, mambo ambayo mwalimu yampasa kuyajua, na pili, jinsi ya kuyafundisha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Bakteria hupumuaje?

Yafaa tuanze kwa kutenganisha maneno mawili. Kuvuta hewa ni kazi ya mapafu. Upumuaji wa seli ni kazi ya kupata nguvu kutokana na chakula, nao hufanyika ndani ya kila seli hai, hata ya kiumbe asiye na mapafu. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye daktari Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, ni seli moja tu, naye hupumua kwa maana hiyo ya pili.

Katika utando wa seli yake vimepangwa vimeng'enya vya upumuaji, mmoja baada ya mwingine, mfano wa watu waliojipanga mstari kupokezana mikungu ya ndizi kutoka shambani hadi barabarani. Kinachopokezwa ni elektroni zilizotoka katika chakula. Mwisho wa mstari yupo mpakiaji, naye huzipakia elektroni hizo katika oksijeni, ambayo ndiyo lori letu. Wakati elektroni zinapopita, nguvu hupatikana, na kwa nguvu hiyo seli hutengeneza ATP, ambayo ni sarafu ya nguvu kwa viumbe vyote vyenye uhai. Malori yasipofika, mpakiaji hana pa kupakia, mwenzake wa nyuma hana wa kumpokeza, na mstari wote husimama.

Bakteria wa kifua kikuu anao wapakiaji wa aina mbili. Wa kwanza ni mfumo mkubwa wa vimeng'enya uitwao saitokromu bc1 na aa3. Huyu huleta faida kubwa ya nguvu, na ndiye mwenye kazi kuu oksijeni inapokuwa tele. Wa pili huitwa saitokromu bd. Faida yake ni ndogo, lakini ana uwezo wa kukamata hata oksijeni iliyo adimu. Zaidi ya hayo, oksijeni inapopungua sana, bakteria anaweza kutumia naitreti mahali pa oksijeni. Hapo ni kama wakulima waliokosa lori na kutumia mkokoteni: mzigo unaosogea ni kidogo, lakini ndizi haziozi zote.

Dhiki ndani ya mwili

Je, bakteria hukosa oksijeni lini? Anapoingia mapafuni, seli walinzi za mwili humzingira. Baada ya muda hutokea kinundu, yaani kijifundo cha seli nyingi zilizombana pande zote. Katikati ya kinundu damu haifiki vizuri, kwa hiyo oksijeni ni haba. Seli walinzi nazo hutoa naitriki oksaidi, gesi ambayo humzuia mpakiaji yule wa kwanza asifanye kazi. Saitokromu bd huistahimili gesi hiyo zaidi.

Mwaka 1996 watafiti Wayne na Hayes walieleza jaribio rahisi lakini lenye mafunzo makubwa. Waliwakuza bakteria wa kifua kikuu katika mirija iliyofungwa, wakawaacha waitumie oksijeni iliyomo humo polepole mpaka ikawa karibu kwisha. Bakteria waliacha kuzaliana, lakini hawakufa. Walipopewa hewa tena, waliendelea na maisha. Lakini wale walionyimwa oksijeni kwa ghafula walikufa. Mwalimu azingatie tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha somo: bakteria huhitaji muda wa kubadilisha vimeng'enya vyake. Hafanyi shauri, hutengeneza vyombo vingine.

Swichi za jeni

Maagizo ya kutengeneza kila kimeng'enya yameandikwa katika jeni. Bakteria wa kifua kikuu ana jeni zipatazo 4,000, na maandishi yake yote yalichapishwa mwaka 1998. Jeni zote hizo hazisomwi kwa wakati mmoja, kama vile mwalimu asivyofungua vitabu vyote vya shule kwa kipindi kimoja. Ipo ratiba. Tena ratiba hiyo hubadilika hali inapobadilika.

Tuchukue mfano mmoja uliochunguzwa sana. Ndani ya bakteria kuna protini mbili za kuhisi, ziitwazo DosS na DosT. Kila moja ina hemu, yaani kiini chenye chuma, kama hemu iliyomo katika damu yetu wenyewe. Oksijeni inapokuwa tele, protini hizo hutulia. Oksijeni inapopungua, au naitriki oksaidi inapokishika kile chuma, umbo lake hubadilika, nazo huanza kufanya kazi. Hupeleka alama ya fosfeti kwa protini ya tatu, DosR, ambayo ni mjumbe. DosR iliyopewa alama hushika DNA mahali maalumu, na jeni zipatazo 50 huanza kusomwa. Kazi hiyo ya DosR wakati wa uhaba wa oksijeni ilithibitishwa mwaka 2003. Miongoni mwa jeni zinazofunguliwa ipo ya mlango wa kuingizia naitreti, na ipo ya kuweka akiba ya mafuta.

Swichi nyingine, zisizo za DosR, huongeza usomaji wa jeni za saitokromu bd na kupunguza za mpakiaji mkubwa. Matokeo yake ni bakteria aliyelala: hajengi, hazaliani, anatumia nguvu kidogo sana. Katika hali njema bakteria wa tumboni aitwaye Escherichia coli huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Huyu wa kifua kikuu, hata akiwa macho na mwenye shibe, huchukua saa 20 hivi. Akilala, huacha kabisa au karibu kabisa.

Dawa humkuta vipi aliyelala?

Hapa ndipo tunapoweza kulijibu swali la yule msichana. Isoniazidi huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kwa hiyo huwaua upesi wanaojenga, nao ndio walio wengi mwanzoni. Hii ndiyo sababu kikohozi hupungua na uzito hurudi mapema. Lakini aliyelala hajengi ukuta, na isoniazidi haina cha kuharibu kwake.

Rifampisini hufanya kazi nyingine: hukizuia chombo kinachonakili maagizo ya jeni. Aliyelala naye huamka mara mojamoja kwa muda mfupi na kuanza kusoma jeni zake. Dawa ikiwapo katika damu siku hiyo, hukamatwa. Dawa isipokuwapo, husalimika. Kwa hiyo miezi ni ya kungoja: hatujui aliyelala ataamka siku gani, basi dawa iwepo kila siku. Pirazinamidi nayo huwaua baadhi ya bakteria wavivu ambao dawa nyingine huwashindwa. Tena dawa hutolewa kadhaa kwa pamoja kwa sababu ya pili: bakteria aliyezaliwa na ukinzani wa dawa moja huuawa na nyingine.

Jambo hili lilipimwa kwetu Afrika Mashariki. Zamani tiba ilichukua miezi 18 au zaidi. Kuanzia mwaka 1970, madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu tiba ya miezi sita. Wagonjwa wote walipewa streptomaisini na isoniazidi kila siku. Makundi mengine yaliongezewa dawa ya tatu. Katika kundi lisiloongezewa, ugonjwa uliwarudia wagonjwa wapatao 29 katika kila 100. Katika kundi lililoongezewa rifampisini, uliwarudia wapatao 3 tu katika kila 100. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo akashiriki kuujenga. Uzoefu wa Tanzania ulikuwa msingi mmojawapo wa utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990.

Elimu ya upumuaji wa bakteria imeleta pia dawa mpya. Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza ATP. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba dawa hii huchelewa siku kadhaa kabla ya kuua, kwa sababu bakteria hubadilisha upumuaji wake na kuongeza saitokromu bd. Kwa hiyo swichi tulizozieleza si jambo la vitabuni tu. Zinawahusu wagonjwa wenye kifua kikuu sugu, ambao kwa wengi wao Shirika hilo lilipendekeza mwaka 2022 tiba ya miezi sita yenye bedakwilini, mahali pa tiba ndefu zaidi ya hapo awali.

Jinsi ya kufundisha

Majina kama DosR na saitokromu ni ya mwalimu, si ya watoto. Shabaha ya somo ni mwanafunzi aweze kueleza, kwa maneno yake, kwamba bakteria hubadilika mazingira yake yanapobadilika bila kufikiri, na kwamba tiba hukamilishwa hata dalili zikiisha.

Hatua ya kwanza: kutoka kwa wanayoyajua. Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Uliza: maziwa yakifungwa ndani ya chombo hugandaje? Waeleze kuwa bakteria wa maziwa hupata nguvu hata pasipo oksijeni. Kisha tia hamira, sukari na maji ya uvuguvugu katika chupa, na uvike puto mdomoni mwake. Puto litavimba. Sema wazi kwamba hamira ni jamii ya kuvu, si bakteria; tunaonyesha tu kwamba kiumbe hai chaweza kupata nguvu bila hewa ya nje. Usilete darasani makohozi wala kitu chochote cha mgonjwa.

Hatua ya pili: mchezo wa swichi. Mwanafunzi mmoja awe mhisi, mwingine mjumbe. Ubaoni bandika kadi tatu zilizogeuzwa: "mlango wa naitreti", "akiba ya mafuta", "acha kuzaliana". Mhisi ashike karatasi za buluu, ambazo ni oksijeni. Zinapokuwa mkononi mwake, aketi. Mwalimu azichukue moja moja. Zikiisha, mhisi asimame na kumpa mjumbe kadi nyekundu. Mjumbe aende ubaoni azigeuze kadi. Karatasi zikirudishwa, kadi zigeuzwe tena. Halafu uliza: "Nani aliyeamuru?" Watoto watatafuta mkubwa, wasimpate. Waache wagundue wenyewe kwamba hakuna aliyeamuru, bali kila kimoja kilisukumwa na kilichotangulia.

Hatua ya tatu: mchezo wa maharage. Wanafunzi 40 wawe bakteria: 20 wasimame, ndio walio macho, 20 waketi wakiwa wamelala. Mwanafunzi "isoniazidi" awapitie waliosimama, nao watoke. Uliza: "Mgonjwa anajisikiaje sasa?" Watasema amepona. Uliza: "Je, amepona?" Kisha chukua mfuko wenye maharage manne, moja jekundu na matatu meupe. Kila aliyelala achomoe moja bila kutazama na kulirudisha. Mwenye jekundu ameamka kusoma jeni zake, "rifampisini" amtoe. Idadi ya waliobaki iandikwe ubaoni kila mzunguko. Kwa kuwa robo hutoka kila mara, baada ya mizunguko sita hubaki kwa wastani kati ya 3 na 4. Hapo simamisha mchezo na uulize: "Tukiacha dawa leo, nani wataanza kuzaliana?" Endelea mpaka wa mwisho atoke.

Mwalimu aeleze kasoro za mchezo huu. Waliolala kwa kweli ni wachache sana kuliko walio macho, na mzunguko mmoja si mwezi mmoja. Lakini mtoto atakuwa ameona kwa macho kwamba aliyebaki hakubaki kwa werevu. Alibaki kwa kuwa zamu yake ilikuwa haijafika.

Makosa ya kuepuka

1. Kusema bakteria "anajua", "anaogopa" au "anakusudia". Sema: "huhisi kwa protini, kisha jeni hufunguka au hufungwa".

2. Kusema kila mgonjwa hutibiwa miezi sita. Huo ni muda wa kawaida kwa mtu mzima mwenye kifua kikuu cha mapafu kisicho sugu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza miezi minne kwa watoto wenye ugonjwa usio mkali. Muda wa kila mtu hutajwa na mganga wake, na mwalimu asimpinge.

3. Kuuliza, "Nyumbani kwa nani kuna mgonjwa?" Swali hilo lisiulizwe kamwe. Ukiona macho ya darasa yanamgeukia mtoto mmoja, endeleza somo kwa mfano wa mtu asiye na jina.

4. Kuwatia watoto hofu ya sahani na vikombe. Kifua kikuu cha mapafu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Aliyeanza tiba inayomfaa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache. Kinachosaidia ni hewa kupita. Nchi yetu hii ni ya mvua na baridi, nasi tumezoea kufunga madirisha darasani na katika magari ya abiria. Basi mwalimu ayafungue, walau ya upande usiopigwa na mvua, kabla ya kuanza somo.

Hitimisho

Baada ya kipindi kile tuliketi na mwalimu-mwanafunzi chini ya baraza, tukalitunga jibu upya. Siku ya pili alilipeleka darasani bila kumtaja aliyeuliza: "Jana niliwaambia kwamba bakteria wana akili. Nilikosea. Baadhi yao hulala kwa sababu hewa imewapungukia, na aliyelala hashikwi na dawa mpaka aamke. Hatujui ataamka siku gani, kwa hiyo dawa humngoja kila siku mpaka wa mwisho aishe."

Msichana aliandika maneno hayo katika daftari lake, ingawa hakuambiwa aandike. Sikuuliza atampelekea nani.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kuvuta hewa na upumuaji wa seli, kwa mfano kutoka mazingira ya shule yako.

2. Kwa nini bakteria walionyimwa oksijeni kwa ghafula walikufa, na walioipoteza polepole wakaishi?

3. Isoniazidi na rifampisini zinatofautianaje katika kumkabili bakteria aliyelala?

4. Tunga jibu lisilozidi sentensi nne kwa mtoto aulizaye: "Kwa nini mtu aliyepata nafuu aendelee kumeza dawa?" Kisha lisome kwa sauti, ujiulize kama kuna neno lolote ndani yake linalompa bakteria akili.